Kiraka cha Jino la Mbele

Mgonjwa wa kumi na tisa alikuwa mdogo wake. Daktari wa meno alikuwa amesimama tangu asubuhi, miguu inawaka moto, na hamu ya kuchungulia mdomo wa mtu yeyote ilikuwa imemwisha zamani.

"Dada, tazama walichonifanyia kule saluni!"

Bibi harusi wa Jumamosi akapanua mdomo. Meno yalikuwa meupe pe, isipokuwa moja la mbele, ambalo kona yake daktari mwenyewe aliiziba miaka sita iliyopita. Kona hiyo ilibaki na umanjano wake, kama punje ya mahindi iliyoangukia kwenye mchele. Dawa ya kung'arisha hung'arisha jino. Kiraka hakina habari nayo.

"Toa hiki, weka cheupe. Leo Jumanne, muda upo."

"Haiwezekani. Jino lililotoka kwenye dawa halishiki kiraka vizuri, mpaka lipumzike wiki mbili. Nikiziba leo kitaachia, bakteria wajipenyeze, waanze kulila jino kwa ndani."

"Basi yule mama wa saluni atanitambua! Kesho twende wote, wewe na koti lako jeupe, ukaseme hajui kazi. Bosi wake ameshaniambia, ukithibitisha tu anamfukuza."

Daktari akajitia kuosha mikono ambayo tayari ilikuwa safi. Mwezi uliopita mdogo wake alimpigia simu kuuliza kama kung'arisha kuna tatizo. Daktari hakufungua faili, hata kiraka alichokiweka kwa mkono wake hakukikumbuka. Alijibu, "Ng'arisha tu, mama," akamwita mgonjwa aliyefuata. Kunyamaza sasa kungekuwa rahisi, na Mungu anajua alivyochoka. Lakini mtu afukuzwe kazi bure?

"Mwache yule mama," akasema. "Kosa ni langu. Uliniuliza, nikakujibu ovyo. Nilikuwa nimechoka."

Mdogo wake akavua kitambaa cha kifuani, akakikunja taratibu. Hasira zote zilikuwa zimemtoka, na hilo ndilo lililomtisha daktari.

"Mama alinishauri nitafute daktari wa nje, ati ndugu huchukuliana kimazoea," akasema, mkono umeziba mdomo. "Nikamwambia kwa dada ndipo nitakapoangaliwa kuliko wote."