Salamu Zilizokaa Mahali pa Marehemu

Usiku wa jana niliota maiti amekuja kulalamika kuhusu kazi yangu, na kwa kweli alikuwa na haki.

Mimi ni Chesko Lipanda, mtafsiri wa filamu hapa Ifakara. Nachukua filamu ya Kichina, nashika maikrofoni, naingiza Kiswahili juu yake, kisha naionyesha kwenye banda langu la video. Kichina chenyewe sijui hata kuomba maji. Naangalia uso tu. Mtu akikunja uso nasema "nitakuua", akilegeza macho nasema "nakupenda". Miaka kumi na moja sasa, na hakuna Mchina aliyewahi kunilalamikia, mpaka huyo wa jana.

Mwezi uliopita nilifanya filamu ya mizimu yao. Msichana anafia safarini, mbali na kwao, na mganga mwenye joho la njano anamrudisha nyumbani akiruka kichurachura, miguu pamoja, mikono mbele, kwa kuwa maiti hawezi kukunja magoti. Nilimpa jina Tabu. Kabla ya kukata roho, Tabu anasema maneno marefu na uso wake umetulia kabisa. Uso wa namna hiyo sina maneno yake. Basi nikaitumia nafasi hiyo kutuma salamu: kwa mke wangu Mama Editha, kwa Lubuva fundi baiskeli, na kwa wanakwaya wote wa kigango chetu kwa majina. Jumla watu kumi na wanne. Wote walifurahi.

Katika ndoto ni saa nane mchana na banda limejaa. Natafsiri papo kwa papo. Benchi la mbele liko tupu, kwa hiyo nawaambia waliosimama wasogee wakae.

"Nimekaliwa," likasema benchi.

"Na nani?"

"Wafu. Huu ni mwezi wa saba wa kalenda yao, na mwezi huo benchi la mbele ni lao. Filamu yenyewe ilisema. Ila wewe hapo ulitafsiri 'karibuni chai'."

Nikawaomba radhi wafu. Mmoja akajibu kwamba si neno, ila nifungue dirisha.

Ndipo Tabu alipotoka kwenye televisheni. Anaruka. Anajikwaa kwenye ukingo wa kioo, anarudi nyuma, anaruka tena, anapita. Watazamaji wanapiga makofi. Nakumbuka sheria moja ya filamu: maiti wa aina hii haoni, ananusa pumzi, na ukibana pumzi ni kama hupo. Nabana pumzi. Tabu anasimama mbele yangu, mikono yake imepita masikio yangu huku na huku, pua inatafuta.

"Mtafsiri!" anafoka Lubuva kutoka nyuma. "Mbona kimya? Huyo dada anasemaje?"

Kazi yangu ni kusema, na kusema kunataka pumzi. Nikajikaza mpaka mashavu yakavimba. Lakini kuwa bubu kwenye banda lako mwenyewe ni fedheha, nikashindwa. "Wapenzi watazamaji..." nikaanza, na Tabu akanikamata kola.

"Ndiye huyu," akasema.

Banda likawa daraja. Kulikuwa na foleni ya wafu, na mbele ya foleni bibi mmoja na sufuria ya supu.

"Ya mbuzi?" nikauliza.

"Ya kusahau," akasema bibi. "Anayekunywa anavuka, anazaliwa upya. Wewe bado." Akamgeukia Tabu. "Neno lako la mwisho limemfikia mama yako?"

"Halijafika."

"Basi toka kwenye foleni."

"Bibi, hii ni mara ya thelathini na moja. Kila filamu ikionyeshwa nakuja, na kila nikija narudishwa."

Maikrofoni yangu ikakohoa. Ikaomba kutoa ushahidi, ikaruhusiwa, ikatoa salamu zangu zote bila kuruka jina. Wafu wakasikiliza kwa adabu.

"Huyu Lubuva alizipata?" bibi akaniuliza.

"Alizipata, bibi. Alifurahi sana."

"Na mama wa huyu?"

Bibi akanionyesha kwa mwiko upande wa pili wa daraja. Palikuwa na nyumba, mlango wazi, na mama mzee ameketi kizingitini ameshika taa mchana kweupe. Miguu yake ilikuwa imevimba. Bibi akasema mama huyo atakaa hapo mpaka neno la mwanawe lifike, na ameshakaa mwezi mzima. Niliona aibu, aibu ya kweli.

Mganga mwenye joho la njano akaja na karatasi ya njano yenye maandishi mekundu.

"Hii nikiibandika kwenye paji la uso la maiti, maiti anasimama tuli," akasema. "Kwa mtafsiri tunabandika mdomoni. Haibanduki."

"Mzee wangu, mimi sina kazi nyingine."

"Basi sema alichosema."

Nikamtazama Tabu usoni, kama nilivyozoea. "Mama, nitalipiza kisasi!"

"Sikusema hivyo," akasema Tabu.

"Mama, nakupenda kuliko dunia na vilivyomo!"

"Kwetu mtu hamwambii mama yake hivyo."

Karatasi ilishagusa mdomo wangu wa juu. Ilinuka gundi ya wali.

"Dada, samahani," nikasema. "Ulisema nini?"

Miaka kumi na moja, na sikuwahi kumuuliza mtu swali hilo. Tabu akashusha mikono.

"Nilisema: Mama, usinisubiri mlangoni, miguu yako inavimba. Sikusahau njia, nimeshindwa tu kufika. Funga mlango, ule, ulale."

Nikayasema vilevile, kwa sauti yangu ya kazini, bila kuongeza chumvi. Sauti ilinikwama mara moja, hapo kwenye miguu. Yule mama akasikiliza mpaka mwisho. Akainuka akijishika goti, akapuliza taa, akaingia ndani. Tukasikia komeo.

"Haya, kunywa," bibi akamwambia Tabu.

"Ngoja kwanza. Mtafsiri, na jina langu?"

"Tabu."

"Siulan."

"Siulan," nikasema. Akanitaka nilirudie mara mbili mpaka akaridhika. Akamaliza bakuli, akakunja magoti kwa mara ya kwanza, akaanza kutembea. Katikati ya daraja akageuka.

"Kaka, wewe ni nani?"

"Mtafsiri."

"Wa nani?"

"Wako."

Akanitikisia kichwa kwa heshima, kama mtu anavyomfanyia mgeni, akavuka. Nilifurahi na niliumia kidogo.

Nikaamka. Mama Editha alikuwa anakoroga uji. "Baba Editha, mbona sauti imekukauka?" akauliza. Nikamwambia nilikuwa kazini.

Nikaenda bandani, nikaweka filamu ile, nikaisogeza mpaka pale, maikrofoni mkononi, nifute salamu niingize maneno ya Siulan. Hata sikupata nafasi ya kufungua mdomo. Sauti yangu mwenyewe ilitoka kwenye spika: "Mama, usinisubiri mlangoni..." Ikakwama mara moja, hapo kwenye miguu.

Lubuva alikuwa ameegemea mlango na ringi ya baiskeli begani.

"Chesko, hapo si ndipo penye salamu zangu? Umezipeleka wapi?"

"Zilikuwa zimekaa mahali pa mtu," nikamwambia.

Akaguna, akataka kukaa benchi la mbele. Nikamwonyesha la pili.