Maturubai ya Pinki

Nilipoacha kazi ya kupokea wageni pale kiwanda cha mbao, nilimwambia bosi wangu kwamba sasa nakwenda kujiajiri, sitakuwa na bosi tena maishani. Alinipa mkono akasema, "Afriyie, utakuja kunikumbuka." Nilidhani ana wivu. Leo ndiyo namwelewa. Yeye alikuwa mmoja tu, na jioni alifunga mdomo akaenda kwake. Mabosi nilio nao siku hizi wanapiga simu jogoo bado amelala, na kwa kuwa kila mmoja wao amefiwa, huwezi hata kumkatia.

Nakodisha maturubai na viti vya plastiki. Hapa Mampong kila Jumamosi kuna anayezikwa, waombolezaji lazima wakae, na jua letu halijali nani kafiwa. Nikiwa bado kiwandani niliifikiria biashara hii kila upande nikaona haina kasoro. Kumbe nilisahau rangi. Kulikuwa na mpambaji wa harusi kule Kumasi aliyekuwa anahamia ng'ambo, akaniachia vitu vyake kwa bei ya kutupa. Maturubai pinki, viti pinki. Nikajiambia kivuli ni kivuli.

Mji ukanifundisha. Sisi msibani tunavaa nyeusi na nyekundu, na mjane aliyevaa nyeusi ukimkalisha chini ya pinki, anafanana na mtu aliyekosea njia. Msiba wangu wa kwanza, basi zima la waombolezaji kutoka kijiji cha marehemu lilifika, wakaangalia, wakasema hii ni harusi, wakapita kwenda kuutafuta msiba. Waliporudi maiti ilikuwa imeshatoka. Walinitukana mimi, si dereva.

Madamu Dufie, ambaye maturubai yake meusi yalikuwa yanafunika misiba ya mji huu tangu mimi navaa sare ya shule, alinitumia salamu: "Mwambieni Afriyie akipata harusi asinisahau kwenye pilau."

Lakini hao wote walikuwa wageni. Aliyeniumiza ni Mjomba Sarpong, mdogo wake mama. Zamani alikuwa mpiga picha, alikuwa na studio yake karibu na soko. Ilikufa nikiwa mdogo, naye akaishia kuwa mlinzi wa shule. Sasa, kila kikao cha ukoo, Mjomba alikuwa anasubiri. Watu watasalimiana, Nana Asiamah, mkuu wa ukoo wetu, atakaa vizuri kwenye kiti chake, kelele zitapungua. Hapo ndipo utasikia:

"Afriyie!"

"Naam, Mjomba."

"Siku nikifa, matambara yako ya pinki usiniletee. Wala kiti kimoja. Ukileta, nitatoka kwenye jeneza nikimbie watu waone. Nana, umesikia?"

"Nimesikia, Sarpong," Nana atajibu, machozi ya kicheko yanamtoka.

Ukumbi mzima unalipuka. Mimi nilicheka kwa meno tu. Nikifika nyumbani nampigia kelele mume wangu, Boaten, kana kwamba ndiye aliyesema.

"Damu yangu mwenyewe inaniharibia biashara!"

"Mzee anatania."

"Utani gani huo wa kila kikao, maneno yale yale? Hana mwingine?"

Boaten akajifunika shuka.

Basi bahati ikabisha hodi. Alifariki mwalimu mkuu mstaafu, bibi mmoja aliyefundisha nusu ya wanawake wa mkoa huu, na sare ya shule yake ilikuwa pinki. Mwanawe mkubwa akanipigia.

"Nimeambiwa una pinki. Pinki yenyewe?"

"Kaka, pinki mpaka utaomba basi."

"Tunataka vyote. Jumamosi ya mwisho wa mwezi."

Niliruka jikoni mpaka supu ikamwagika. Walimu, wakaguzi, wanafunzi wake wa zamani waliokuwa na vyeo, wote wangekaa kwenye viti vyangu. Nikiwatendea vizuri, jina langu lingefika miji ambayo mimi mwenyewe sijafika. Nikiwaangusha, nilikuwa najua pa kwenda: kiwandani, nikamsalimie bosi.

Wiki ile ile Mjomba Sarpong akalala baada ya chakula cha mchana na hakuamka.

Nililia. Mtu anaweza kukuudhi ukampenda vilevile. Siku ya kutimiza wiki moja tangu afariki tulikusanyika uani kwa Nana kupanga tarehe ya mazishi, Mjomba akiwa bado kwenye barafu mochwari. Wazee wakanong'onezana, wakahesabu sikukuu na misiba ya majirani, kisha Nana akatangaza.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Kabla mate hayajanishuka, binamu yangu Berko alikuwa ameshasimama. Berko hajawahi kukosa cha kuchangia, mradi kiwe cha mwingine.

"Kwa upande wa maturubai na viti, ndugu zangu, tulale usingizi. Afriyie yupo. Ni wetu!"

Wakapiga makofi. Mimi nikasimama.

"Nana, samahani. Jumamosi hiyo nimeshaahidi watu."

Ungedhani nimesema ni mimi niliyemuua.

"Watu gani hao wanaomzidi mjomba wako?"

"Aliyekuwa anakubeba begani!"

"Muacheni, siku hizi ni mkurugenzi."

"Mkurugenzi wa pinki!"

Mama yangu alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu. Nikawafikiria watoto wa yule mwalimu, nitawaambia nini. Nikafungua mdomo kusema sawa, chukueni. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Ngojeni," akasema Nana. "Hivi Sarpong mwenyewe alisemaje kuhusu hii pinki?"

Mtu mmoja nyuma akaguna kwa kicheko.

"Alisema asiletewe, Nana."

"Na viti?"

"Wala kiti kimoja."

"Nana, ule ulikuwa utani!" Berko akapaza sauti.

"Utani? Mimi aliniita kwa jina, akaniuliza kama nimesikia. Nikajibu nimesikia. Si mara moja. Siku nikikutana naye huko, nimwambie nini? Kwamba masikio yangu yalikuwa mapambo?" Nana akakohoa. "Marehemu amekataa. Tutamtafuta Dufie. Na wewe Berko, kwa kuwa suala la viti linakuuma hivyo, utakwenda wewe kuongea naye."

Berko akakaa. Nikakaa na mimi.

Jumamosi ilipofika, uwanja wa mwalimu mkuu ulikuwa unang'aa tangu Ijumaa jioni. Asubuhi nilipita mstari kwa mstari nikifuta umande, nikawaachia vijana wangu walinde kamba, nikavaa nyeusi yangu nikakimbia kwa Mjomba. Nikakaa kwenye kiti chenye maandishi meupe mgongoni: DUFIE. Mwenye jina akapita.

"Karibu, mteja."

"Asante, Madamu. Viti vyako vinabana."

"Vinabana kwa sababu makalio yako yamezoea harusi."

Tukachekana, mikono mdomoni. Hapo ndipo Anti Pokuaa, mjane wa Mjomba, aliponiita kwa kidole nikae karibu yake.

"Umemsamehe mume wangu?"

"Nimsamehe nini, Anti?"

"Pinki yako."

Nikajifanya natengeneza kitambaa cha kichwa.

"Wewe unadhani ile studio iliuawa na nini?"

"Nilisikia watu waliacha kupiga picha."

"Nani aliacha? Walipiga mpaka kamera ikachoka. Ubatizo, kipaimara, kitambulisho, mtoto kaota jino. Wote wa ukoo huu, na hakuna aliyelipa. 'Sarpong ni wetu!' Alikuwa hana ulimi wa kuwakatalia." Akanivuta sikio kama mtoto. "Kila tukitoka kikaoni, njia nzima ananiuliza, 'Pokuaa, leo Nana amesikia vizuri? Au nirudie kikao kijacho?'"

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, katikati ya msiba, kisha kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, nikalia mpaka kitambaa cha kichwa kikanidondoka. Wanawake wa ukoo waliokuwa hawasemi na mimi wakaangaliana, wameridhika. "Sasa hapo," akasema mmoja, "hapo amemlilia mjomba wake."

Nisikudanganye kwamba baada ya hapo maisha yalikuwa wali na kuku. Upepo bado unachukua turubai na kulipeleka kwenye shamba la watu. Jumapili naizunguka mitaa kukusanya viti vilivyotembea na waombolezaji, na nyumba moja nimekikuta changu kinakaliwa na mbuzi. Jumamosi ya kupumzika nimesahau inafananaje. Lakini walimu wale walinitangaza, nimenunua na meusi pia, na Madamu Dufie akizidiwa ananipigia, nami nikizidiwa nampigia. Kiwandani sijarudi. Bosi wangu wa zamani alifiwa na mama mkwe, nikamkalisha kwenye viti vyangu.

Mwaka huu Konadu, binti wa dada yangu, amefungua kibanda cha kusuka nywele. Ana mikono mizuri ajabu, na wateja wa nje wameanza kuja. Nimeshamwona Berko akimpeleka mkewe kule, na shemeji zake, na mabinti wa shemeji zake.

Kikao kilichopita nilisubiri. Watu wakasalimiana, Nana akakaa vizuri, kelele zikapungua.

"Konadu!"

"Abee, Mama mdogo."

"Siku nikifa, mikono yako isiniguse kichwa. Wala kwa msiba wangu asisukwe mtu kwenye kibanda chako. Unasuka kama kuku anayetafuta mchwa. Nana, umesikia?"

Ukumbi ukalipuka. Konadu akainamisha uso, macho yamejaa maji, maskini. Nana aliniangalia kidogo zaidi ya kawaida.

"Nimesikia, Afriyie."

Njiani kurudi nyumbani nilimshika Boaten mkono.

"Unaonaje, amesikia vizuri? Au nirudie kikao kijacho?"