Utani wa Buchani

Mgeni yule hakutaka nyama. Alisubiri wateja waishe, akatoa kitambulisho cha polisi na kumgeukia binti aliyekaa karibu na mizani.

"Jumapili kaka yako alimwambia nini mkewe?"

Kaka mwenyewe alikuwa palepale, shoka mkononi. Akacheka kwa taabu. "Afande, sisi wauza nyama tunatishiana kuchinjana kutwa! Jana tu nimemwambia huyu nitamtundika kwenye ndoano. Si huyo hapo, mzima?"

"Na mkeo, alicheka?"

"Sikumgusa hata unywele."

"Kutishia kuua ni kosa hata usipomgusa mtu. Namtaka aliyesikia."

Binti akamtazama kaka yake. Kaka huyu ndiye aliyemlea tangu wazazi wao wafariki, hana mwingine. Lakini Jumapili ileile wifi yake alimshika mikono akimsihi: "Wifi, wakija kukuuliza, usiniruke." Naye akamwahidi.

"Mdogo wangu," kaka akanong'ona, "watanifunga. Waambie ulikuwa utani."

Binti akamgeukia afande.

"Utani wetu tunaupigia kelele ili wateja wacheke," alisema, machozi yakimtiririka. "Siku ile alifunga mlango kwanza. Akasema polepole, 'Ukiniacha, nitakukatakata juu ya gogo hili.' Nisamehe, kaka."

Kaka akaweka shoka chini, akatoka na afande bila kumtazama.