Diski Mbili za Duka la Tanzia

Watu wakiniletea diski iliyokufa huanza kulia kabla hata hawajaketi. Huwa nawaambia walie baadaye, maana machozi hayasomi diski. Kazi hii nimeifanya hapa mjini Troyan miaka mingi, na sina mteja ninayempenda wala ninayemchukia. Kwa hiyo Stamena aliponipigia simu Jumatatu asubuhi, wiki ya Jumamosi ya Wafu, siku ya kuwakumbuka marehemu makaburini, nilimwuliza swali moja tu: mashine inafanya nini?

"Inagonga, fundi. Ko, ko, ko. Kama kuna mtu ndani."

Stamena ndiye mwenye duka la tanzia pale karibu na daraja. Zile karatasi zinazobandikwa kwenye milango na nguzo za mji huu, picha ya marehemu juu na maneno machache chini, nyingi zimetoka kwake. Za siku arobaini, za nusu mwaka, za mwaka, na za kila mwaka mpaka familia ichoke. Mumewe, Spiridon, alikuwa akishughulika na picha na kuitunza mashine. Maneno aliyaandika Stamena. Spiridon alifariki miaka miwili iliyopita, baada ya ini kumsumbua msimu mzima.

"Picha za wateja, watu wataniletea tena," akasema. "Mimi nataka kitu kimoja tu. Spiridon alijitengenezea tanzia yake mwenyewe akiwa hai."

"Ala! Akiwa hai?"

"Akiwa hai, mshenzi yule! Alipoanza kuumwa, mwezi wa tisa. Baadaye nafungua mashine nifanye kazi, nakutana na sura yake ndani ya fremu nyeusi, amevaa kofia yake ya kuokotea uyoga. Nikatema mate kufukuza nuksi, tfu, tfu, tfu, nikaifuta palepale. Sikusoma hata neno moja. Na tangu afe sijaweza kumwandikia, fundi. Mji mzima nimeuandikia, yeye ananishinda. Mwaka jana nilimwekea maneno ya kwenye sampuli, 'mume mpendwa, baba mwema.' Baba wa nani? Hata mtoto hatukupata! Watu walisoma, wakaninyamazia kwa heshima. Jumamosi hii nataka abandikwe kwa maneno yake mwenyewe."

Nikamwambia kilichofutwa miaka miwili iliyopita kimekwenda na maji.

"Galin, kijana wetu, anasema kuna diski nyingine humu ndani. Imelala tangu enzi za Spiridon."

Hapo nikaketi. Mashine ile ya Linux niliijua, tuliwahi kuizungumza na Spiridon tukinywa rakia, ile pombe kali ya matunda. Aliifunga kwa diski mbili pacha: kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine. Moja ikijitoa, ya pili inaendelea peke yake, na mashine inamtumia mwenyewe barua pepe kumwambia. Mwenyewe alikuwa Spiridon. Barua zilimfuata akiwa mgonjwa kitandani, zikamfuata na kaburini.

"Diski hiyo ilijitoa lini?" nikauliza.

Nikamsikia Galin akisoma tarehe kwa sauti. Mwezi wa kumi, mwaka ule Spiridon alipougua.

"Na wewe ulifuta lini?"

"Siku ya Mtakatifu Nikola. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa na samaki kwenye oveni, akaungua."

Mtakatifu Nikola ni Desemba. Diski ile ilikuwa imejitoa kabla. Hakuna aliyewahi kuiambia kwamba tanzia ya Spiridon imefutwa.

"Usiiguse kabisa," nikasema. "Huyo Galin anafanya nini sasa hivi?"

"Anatengeneza. Amezirudisha ziwe pacha tena. Kuna namba zinapanda kwenye kioo."

"Zinapanda? Mpe simu!"

Galin ni mtoto wa kaka yake Stamena. Anauza simu mjini Plovdiv, na kwa hiyo anajua kila kitu.

"Unanakili kutoka wapi kwenda wapi?"

"Kutoka inayofanya kazi kwenda ile ya zamani, kaka. Kawaida tu. Pacha lazima wafanane."

"Ng'oa waya wa umeme."

"Ngoja kwanza nizime vizuri, maana..."

"Ng'oa, bwana wee! Unaifuta mara ya pili!"

Nikasikia kiti kikianguka, kisha kishindo. Galin akarudi kwenye simu, sauti imempungua.

"Shangazi ameng'oa. Na soketi ameing'oa."

Nilipofika, soketi ilikuwa inaning'inia ukutani na Stamena amesimama mbele ya mashine kama bawabu. Galin alikuwa amenuna kando ya kichapishi.

"Kwenye mtandao wote wanaelekeza hivyohivyo," akaniambia.

"Wanamwelekeza mtu anayetaka mambo ya leo. Shangazi yako anataka ya mwaka juzi. Ungemwuliza."

"Ningejuaje? Hajaniambia!"

"Ningekwambia nini?" Stamena akamgeukia. "Kwamba nilimfuta mjomba wako angali hai?"

Galin akainua kiti kilichoanguka. Nikazichomoa diski nikaenda nazo kwangu.

Diski iliyoumia haichezewi. Unainakili yote kwanza, chembe kwa chembe, halafu unahangaika na nakala. Ukikosea unatupa nakala, diski iko palepale. Ile ya zamani hata haikuwa mgonjwa, ni kebo tu iliyolegea ikaitupa nje. Lakini kazi ya Galin ilikuwa imekula mwanzo wake wote, na mwanzo ndiko mashine inakoweka orodha ya mafaili, jina la kila faili na mahali lilipo. Kilichobaki kilikuwa mrundo. Tanzia za mji mzima zimelala humo bila majina, na maneno ndani ya mafaili yao yamebanwa, huwezi kuyatafuta kwa neno. Ni kuyaokota na kufungua moja baada ya jingine.

Nilimweleza Stamena hivyohivyo, bila sukari. Huenda Spiridon yuko kwenye sehemu iliyobaki, huenda yuko kwenye iliyoliwa.

"Nusu kwa nusu?" akauliza.

"Sijui."

"Wewe bwana, hujui hata kudanganya kidogo?"

"Kwa kudanganya, nenda kwa Galin."

Akacheka kwa kujilazimisha. Kesho yake akaja na sinia la banitsa, mkate wa tabaka wenye jibini, akaburuta kiti, tukaanza kuwafungua wafu.

Nilitegemea achoke mapema. Hakuchoka. Kila sura ilipotokea alikuwa ameshaitaja kabla sijasoma jina. "Huyu Bogdana wa duka la mikate. Wanawe walitaka shairi, nikawakatalia. Huyu Yordan, mlevi, mkewe aliniambia niandike 'mtu mwema', nikaandika 'mtu mkarimu', maana kweli alikuwa mkarimu akilewa." Maneno aliyowaandikia aliyajua kwa moyo. Mafaili mengine yalikuwa yamekatika, sura hadi puani halafu kijivu. Hao nao aliwataja.

Tukakuta moja ambalo halikumalizwa. Picha ipo, jina lipo, na mahali pa maneno pameandikwa kwa herufi nene: HAPA STAMENA.

"Ndivyo alivyokuwa," akasema. "Akimaliza picha ananiachia hivyo, mimi nakuja nafuta naandika yangu. Hakuwahi kutia neno lake hata moja. Alikuwa akisema mkono wake ni wa kushika bisibisi. Huyu wa kwenye picha, familia yake walihamia mjini Sofia, hawakurudi kuchukua."

Siku ya Alhamisi Galin alikuja na chupa ya kahawa ya moto. Akamwambia shangazi yake samahani, kwa sauti ndogo, na shangazi akamwambia akae asizibe mwanga. Mrundo ulikuwa umebaki kidogo sana. Nilianza kutafuta namna ya kumwambia kwamba basi. Nilikuwa namhurumia, sikatai, na nilikasirika kwa kumhurumia.

Faili likafunguka. Fremu nyeusi. Kofia ya uyoga.

Picha nzima, haikuliwa hata ukingo. Anacheka, jicho moja limefumba kwa jua. Jina lake kamili, mwaka wa kuzaliwa, kistari, na nafasi tupu baada ya kistari. Chini yake, mahali pa maneno, herufi nene zilezile.

HAPA STAMENA.

Galin akainama mbele ya kioo.

"Kwa hiyo iko tupu?"

"Si tupu, mjinga wewe," Stamena akasema. "Ameniachia kazi."

Akapiga meza kwa kiganja, mara ya kwanza, mara ya pili, vikombe vikaruka. "Na hii pia kaniachia mimi! Na hii pia!" Kisha akalia, na safari hii sikumwambia chochote kuhusu machozi. Nilitoka uani kuvuta sigara. Niliporudi alikuwa amekwishakalia kiti changu mwenyewe, amefuta yale maneno mawili, anaandika. Aliandika bila kusimama.

Jumamosi nilikuta karatasi kwenye mlango wa jengo letu, nyingine kwenye duka la mikate, nyingine kituo cha basi. Wanawake waliokuwa wakipanda makaburini na ngano yao ya kuchemsha, sadaka ya wafu, walisimama kuisoma.

*Miaka miwili bila Spiridon. Alijiandalia picha, akaniachia nafasi ya maneno. Niliifuta kabla sijasoma, kwa sababu nilikiogopa kifo chake kuliko alivyokiogopa yeye. Alikuwa akicheka. Ndiye aliyekuwa jasiri nyumbani kwetu. Stamena.*

Nilimfungia diski mbili mpya, nikaiagiza mashine imwandikie yeye kila wiki, iwe nzima au mbovu. Jumatatu iliyofuata akapiga simu, ana wasiwasi.

"Fundi, imeniandikia. Inasema diski zote mbili ni nzima. Sasa nifanye nini?"

"Hakuna, mama. Uwe unaisoma tu kabla hujaifuta."

Nikadhani amekasirika. Nikasikia kichapishi kikifanya kazi nyuma yake.

"Nimeshaisoma," akasema. "Mara mbili."