Dawa Sharti Ishindwe

Barua ya bima ilisema Ninahazwe amepona.

Haikutumia neno hilo hasa. Ilieleza kwamba kampuni hulipia upasuaji wa kuondoa ngozi iliyozidi tumboni ikiwa ngozi hiyo inaleta vidonda, na vidonda hivyo vimetibiwa kwa miezi mitatu bila kupona. Kwa mujibu wa kumbukumbu za daktari wake, dawa zilikuwa zinamfaa sana. Kwa hiyo ombi lilikataliwa, na kampuni ilimtakia afya njema.

Ninahazwe alimpa Chepngetich simu aisome barua hiyo mwenyewe. Walikuwa katika chumba cha chai cha wafanyakazi, kwenye nyumba ya kutunzia wazee karibu na Westmead, huko ughaibuni. Chepngetich, Mkenya, ndiye nesi wa zamu. Ninahazwe, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, kazi yake ni kuwaogesha wazee, kuwavisha na kuwageuza kitandani.

"Mama Kelly," Chepngetich alisema, "funga mlango. Inua blauzi nione."

Ninahazwe aliinua. Tangu aambiwe kwamba sukari yake inapanda, aliacha ugali wa usiku na kuanza kutembea kila asubuhi mitaa ya Quakers Hill, mpaka mume wake, Rénovat, akalalamika kwamba watu kanisani watadhani hamlishi. Unene uliondoka. Ngozi ikabaki, ikaning'inia juu ya mapaja kama nguo aliyoazima kwa mtu mkubwa kuliko yeye. Chini yake jasho halikauki. Palikuwa pekundu, pamechanika, panatoa maji. Kila alipoinama kumgeuza mzee, palichanika upya. Meneja alikuwa ameshamwambia, kwa upole, kwamba asiyeweza kuinama itabidi apunguziwe zamu.

"Na hiki ndicho kinachoendelea vizuri sana?" Chepngetich aliuliza.

"Daktari aliniuliza kama dawa inasaidia. Nikasema inasaidia."

"Inasaidia?"

"Haisaidii."

"Sasa?"

"Sista, mtu amekaa, amekuangalia kwa huruma, amekuchagulia dawa. Unarudi kumwambia dawa yako bure? Mimi sikulelewa hivyo."

"Ati hukulelewa! Na alipokuandikia ya pili?"

"Nilimwambia ni nzuri kuliko ya kwanza."

Chepngetich aliweka kikombe chini, akashika kichwa.

Si hayo tu. Kila siku ya kwenda kliniki, Ninahazwe alioga mara mbili, akakausha mikunjo kwa mashine ya kukaushia nywele, akapaka poda, akavaa gauni la kanisani. Hakuona sababu ya kumpelekea daktari uchafu. Daktari alipotazama, alikuta wekundu kidogo unaonukia waridi.

Halafu kulikuwa na mkalimani. Kiingereza cha Ninahazwe kilitosha kazini, lakini hakikutosha kueleza mambo ya chini ya tumbo. Mkalimani wa Kirundi ambaye kliniki ilikuwa ikimpigia ni mwalimu wa kwaya yao, na mwalimu wa kwaya hawezi kuambiwa mambo hayo na mwimbaji wake wa sauti ya pili. Akaomba wa Kiswahili, kwa simu. Alikuwa mzee wa Kitanzania mwenye adabu nyingi, ambaye kwanza alimjulia hali yeye, kisha nyumbani, kisha watoto, kisha kazi. Ninahazwe alijibu kama mtu yeyote anavyojibu. Na kwa kuwa sheria ya kazi yake ni kutafsiri kila kinachosemwa, mzee alimweleza daktari kwamba mgonjwa ni mzima, nyumbani ni wazima, watoto wazima, na kazi inaendelea salama. Daktari aliandika yote.

"Sikiliza," Chepngetich alisema. "Mimi ni daktari. Hujambo, mama?"

"Sijambo."

"Umeshapoteza upasuaji. Tena. Hujambo, mama?"

"Sijambo kidogo."

"Hakuna sijambo kidogo! Sema naumwa."

"Nianze tu na naumwa? Bila hata salamu?"

"Bila salamu."

Walifanya mazoezi wiki nzima, kwenye ngazi na kwenye chumba cha mashuka. Siku ya kliniki ilipofika, Ninahazwe alioga mara moja, hakupaka poda, akavaa sare ya kazi. Ndani ya basi alijiona kama mtu anayekwenda kushtaki.

"Hujambo, mwanangu?" mzee aliuliza ndani ya simu.

"Naumwa."

Mzee aliziacha salamu zilizobaki.

"Pole sana," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Nani amefariki?"

"Hakuna, baba. Ni tumbo."

"Anasema nini?" daktari aliuliza. Mzee akatafsiri, na msiba ukiwemo. Daktari akaacha kuandika, akamsogezea Ninahazwe boksi la tishu.

Ninahazwe aliona miezi mingine inapotea. Akasimama, akainua ngozi kwa mikono miwili, na kwa Kiingereza chake cha kazini akasema, "Your medicine, no good. First one no good. Second one no good." Kisha akafumba macho.

Alipoyafumbua, daktari alikuwa ameinama kutazama, na uso wake ulikuwa umechangamka. Alisema asante. Alisema sasa wanaweza kuanza. Hangeweza kubadilisha aliyoyaandika nyuma, lakini kuanzia leo angehesabu upya, na angempa dawa nyingine.

"Anasema unatakiwa uitumie vizuri," mzee alitafsiri, "na nyote wawili mnatumaini haitafaa kitu."

Haikufaa. Ninahazwe aliitumia kwa uaminifu, akarudi kila mwezi kuisema vibaya, na kila mara akaomba samahani kwanza. Ombi lilipelekwa tena, na bima ikakubali.

Kabla ya kwenda hospitali, Chepngetich alimsomea barua ambayo daktari alikuwa ameiandikia kampuni. Daktari alikiri, kwa jina lake na sahihi yake, kwamba kila dawa aliyompa mgonjwa huyu imeshindwa.

"Ameandika hivyo mwenyewe?" Ninahazwe aliuliza. "Mwanaume mzima?"

"Ndiyo barua iliyokupa upasuaji, Mama Kelly."

"Maskini."

Alipokwenda kliniki mara ya mwisho kabla ya kupasuliwa, alibeba sinia la maandazi lililofunikwa kitambaa, akaliweka mezani kwa daktari. Akamwambia mzee wa kwenye simu amfikishie kwamba asihuzunike, kwamba yeye anajua alijitahidi.

Daktari alitazama sinia, kisha mgonjwa, kisha simu. Aliuliza kama kuna tatizo jipya.

"Hakuna," mzee alimjibu. "Amekuja kukupa pole."