Idhini ya Pili

Ilijulikana idara nzima, toka kwa mkurugenzi hadi kwa mfagiaji, kwamba mwenye akaunti ya usimamizi wa seva ya saraka haruhusiwi kuondoka kabla hajaikabidhi. Kwa hiyo msimamizi alizikwa Jumamosi, na Jumatatu alikuwa kitini pake. Seva hiyo ilihifadhi majina ya wafanyakazi wote. Asiyekuwamo hakufunguliwa kompyuta wala mlango. Mfagiaji alizoa udongo uliodondoka viatuni mwa marehemu, akamwomba ainue miguu.

Mjane wake alikuja kila alasiri na shati safi.

"Baba watoto, twende ukapumzike."

"Sijakabidhi, mke wangu."

Kukabidhi kulihitaji idhini ya msimamizi wa pili. Sharti hilo aliliweka yeye mwenyewe enzi za uhai wake, na hata kuliondoa kulihitaji idhini hiyohiyo. Msimamizi wa pili alikuwa msaidizi wake, binti aliyefukuzwa kazi kwa kosa la kufuta majina ya kitengo kizima. Akaunti yake ilifungwa tu, haikufutwa. Mkurugenzi hakuona haraka ya kumwita. Marehemu hakuugua wala hakuomba likizo.

Mwishowe mjane alimfuata msaidizi nyumbani, alikokuwa akishona sare za shule, akampigia magoti. Msaidizi aliweka mkasi chini, akaja. Getini alipewa beji ya mgeni.

"Shikamoo mzee. Kumbe huko ulikokwenda hukupata wa kumsingizia?"

Marehemu alicheka, udongo ukamwagika juu ya kibodi. "Marahaba, mwanangu. Ulimi wako bado wembe." Kisha akamgeukia mkurugenzi aliyesimama mlangoni. "Majina yale niliyafuta mimi. Niliogopa, nikamtwisha yeye mzigo."

"Hayo yalishapita, mzee," alisema mkurugenzi, akitazama saa. "Malizeni, watu wanasubiri."

Marehemu akaifungua akaunti ya msaidizi. Msaidizi alitazama mikono ya mzee, iliyokwisha kuota nyasi kandokando ya kucha. Akamtazama mjane, aliyekuwa amepakata shati safi. Aliandika nywila yake, akaidhinisha.

Akaunti ya usimamizi ikahamia kwa mpwa wa mkurugenzi. Kitini likabaki shati lililofungwa vifungo vyote, ndani hamna mtu. Mjane alilikung'uta, akalikunja, akaondoka amelikumbatia kama mtoto aliyelala.

Mpwa alivuta kiti, akakaa. Kazi yake ya kwanza, kwa agizo la mjomba wake, ilikuwa kuifunga tena akaunti ya msaidizi, kwa kuwa amri ya kumfukuza ilikuwa haijatenguliwa.

Getini mlinzi alinyoosha mkono. "Beji, dada."

Msaidizi aliivua shingoni, akamrudishia. Mlinzi aliikagua pande zote mbili, akamwambia kwamba sasa hadaiwi kitu.