Mguu wa Kulia

Rashidah alishuka Jinja akiwa amefura, na ole wake ambaye angemsalimia vibaya. Njia nzima kutoka Mbale alikuwa ameuma meno, mkoba mapajani, akimpangia kaka yake maneno, akiyafuta, akitafuta mengine yenye makali zaidi. Jana chumba kizima kilikuwa kimemcheka, naye sasa alijua ni kwa sababu ya nani.

Kaka yake ni Asadu, mwenye simuleta. Kompyuta kubwa, usukani na pedali za miguu, vyote kavipanga sebuleni katika nyumba waliyoachiwa na baba yao, na mtu hukaa hapo akarusha ndege ya kwenye skrini kama rubani. Rashidah hushona sare za shule huko Nabuyonga, Mbale, lakini kila Jumapili alikuwa akifunga cherehani na kwenda Jinja kujifunza. Hakutaka mchezo wa watoto.

"Kaka, nifundishe ya kweli," alimwambia mwanzoni. "Kama ndege ya kweli inaanguka, hii pia ianguke."

Asadu akaapa. Siku ya kwanza ndege ilianguka kweli, na Rashidah akatokwa machozi. Baada ya hapo, mashallah, haikuanguka tena. Ilipaa imenyooka kama uzi, ikavuka Nile, ikatua salama. Alipouliza pedali ni za nini, Asadu alimwambia ni za breki tu.

Sasa, Mbale kuna kikundi cha wapenzi wa mambo haya. Hukutana upande wa viwandani, juu ya kinu cha mahindi, na kiongozi wao ni Masaba, mwanajeshi mstaafu ambaye kila mtu humwita afande. Rubani mmoja rafiki yake alikuwa amejitolea kumchukua mtu mmoja kwenye ndege ndogo ya kweli, akae pembeni yake na kushika usukani. Ambaye angeruka vizuri mbele ya kikundi ndiye angekwenda. Rashidah alikitaka kiti hicho mpaka kikamkosesha usingizi. Baba yao, askari mtoto wa askari, alilinda ndege za jeshi mpaka akazeeka na hakupanda hata moja.

Siku ya kupimwa ndiyo hiyo jana. Alipokaa mbele ya skrini, jamaa mmoja nyuma akanong'ona, mnong'ono ule wa kusudi usikike: "Mama hii, ndege ikianguka, atalia."

Damu ikamchemka Rashidah, akasukuma injini. Ndege ikaanza mbio, na papo hapo ikavutwa kushoto. Jambo hilo hakuwa ameliona tena tangu siku ya kwanza, wala hakuwahi kuelezwa. Akapindisha usukani, ndege ikazidi kwenda kushoto.

"Kulia!" Masaba akafoka kwa Kiswahili chake cha gwaride. "Kulia, mama! Kulia!"

"Mimi silii!" Rashidah naye akafoka.

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na zake ziliishia majanini, bawa moja limechimba ardhi.

Masaba peke yake hakucheka. "Mguu wa kulia, mama," alisema. "Injini ya mbele inavuta ndege kushoto, lazima unakanyaga kulia. Nani alikufundisha?" Akamfungulia mipangilio, akamwonyesha mahali pa msaada, ambao hapo ulikuwa umezimwa: ukiuwasha, kompyuta inakanyaga yenyewe, inatuliza upepo, inaishika ndege isianguke. Kisha kiti akapewa yule jamaa wa nyuma. Yule yule! Mungu ana subira, Rashidah hana.

Sasa, huko Jinja, Asadu alifungua mlango akitabasamu. "Dada! Umeshinda?"

Rashidah alimpita kama nguzo, akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta, akafungua mipangilio. Hapo. Msaada wote umewashwa.

"Hii ni nini?"

Asadu akakuna kichwa. "Hiyo... Dada, siku ile ya kwanza ulianguka, ukalia. Mimi sikutaka wewe unalia tena. Nilikuhurumia."

"Huruma! Nililia, ndiyo. Kulia ni ugonjwa? Mtoto anaanguka, analia, anainuka, anatembea. Mimi nakanyaga cherehani kutwa, Asadu. Kitu kilichotakiwa pale ni mguu tu! Miguu ninayo, wewe ukaifunga, halafu ukaniita rubani. Watu wananicheka, na kiti kimekwenda!"

"Nisamehe, dada."

Rashidah aliigeukia kompyuta. Alizima msaada mmoja baada ya mwingine mpaka ukaisha, akavuta kiti. "Kaa."

"Mimi?"

"Wewe si mwalimu? Rusha."

Asadu alisema wanywe chai kwanza. Alisema umeme wa leo unasumbua, na usukani umelegea. Rashidah alisimama pale pale, mikono kiunoni, mpaka akakaa. Akasukuma injini, na ndege ikaenda kushoto. Akapindisha usukani kwa mkono, vile vile alivyofanya dada yake, akaingia majanini. Akajaribu tena, majanini tena. Muda wote huo miguu yake ilikuwa imelala kwenye zulia, mbali na pedali, kama miguu ya mgeni anayesubiri chakula.

Rashidah aliitazama miguu hiyo, na hasira yake ikapoa ikawa kitu kibaya zaidi. Huyu mtu hajawahi kuruka bila kushikwa na kompyuta, hata mara moja. Siku ile hakuogopa machozi ya dada yake. Aliogopa kuambiwa, haya, kaka, nionyeshe wewe. Ndiyo maana aliuwasha msaada haraka, na uongo wake akaupa jina la huruma.

Asadu aliachia usukani. Akajifuta jasho usoni. "Sasa nifanye nini?"

"Kulia," Rashidah akasema.

Asadu akamgeukia, macho yamemlowa, hajui kama ameambiwa mguu au machozi. Rashidah hakumweleza. Aliinama chini ya meza, akachomoa waya wa pedali, akazifunga pedali kwenye leso, akaondoka nazo kurudi Mbale.